Dagaa Mbichi Hafungwi Guniani: Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Hazina ya Programu

Kwa:
Mkuu wa Kitengo na timu ya wafungashaji,
Hazina ya programu za vyama vya ushirika,
Kigoma.

Ndugu Mkuu wa Kitengo,

YAH: KUFUNGASHIWA PROGRAMU AMBAZO WAANDISHI WAKE HAWAJAZITOA

Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu.

Mimi ni fundi wa kompyuta, naishi Mwanga, na riziki yangu ni kutunza mashine za vyama vitatu: kimoja cha akiba na mikopo pale Kibirizi, kingine cha wakulima wa kahawa Kalinzi, na cha tatu cha akina mama wa Ujiji wanaokopeshana mitaji. Pengine hamnijui wote kwa sura, ila mwenzenu anayepokea barua mlangoni ananijua vizuri. Tangu Aprili nimefika hapo mara tatu. Nimeandika barua mbili, zote zikapigwa muhuri wa kupokelewa. Jibu pekee nililopata ni la mdomo, tena nikiwa nimesimama: “Fundi, tunalifanyia kazi.” Sasa ni Juni inakwisha. Ndiyo maana leo naandika mahali ambapo kila mtu atasoma.

Niseme asante kwanza, isionekane nimekuja na rungu tu. Kabla ya hazina yenu kila chama kilinunua bando lake na kupakua masasisho usiku, huku mtu anasinzia pembeni ya mashine. Ninyi mkaweka seva moja hapa mjini, mkapakua mara moja, sisi wote tukachota kwenu. Mkaongeza na programu ya mikopo ambayo kwenye hazina za kawaida haimo. Hilo halijasahaulika.

Kwa kuwa barua hii sasa ni ya wote, nieleze kidogo kwa asiye wa fani. Nikisema kifurushi hapa sizungumzii bando la simu. Ni programu iliyofungashwa tayari kusakinishwa. Waandishi wa programu hizi hufanya kazi hadharani, msimbo wao ukitunzwa kwa Git, chombo alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 2005. Kila badiliko wanaloliingiza huitwa komiti. Siku moja zinaweza kuingia komiti ishirini, na nyingine ni kazi ya nusu: mtu kaanza leo, atamalizia wiki ijayo. Mara chache kwa mwaka waandishi husimama, hujaribu, husahihisha, huwasubiri wafasiri, huandika kilichobadilika, kisha huweka namba na kusema: hili ni toleo, litumieni. Kazi ya mfungashaji ni kulichukua toleo hilo na kuliweka katika umbo ambalo mashine zetu zinalipokea.

Kinachofanyika kwenu tangu mwishoni mwa mwaka jana ni kingine. Mnachota msimbo wa siku yoyote kutoka tawi linaloendelea kuandikwa, yaani nakala ambayo waandishi bado wanaifanyia kazi, mnaufungasha, mnaupa namba, na mnauweka kwenye hazina ileile tunayochukulia programu za kazi.

Watu wa Kibirizi nimewaelezea hivi, wakaelewa kabla sijamaliza. Dagaa anavuliwa usiku kwa taa, asubuhi anaanikwa. Kuna saa fulani anakuwa amekauka juu tu. Ukimshika unaweza kuapa kwamba yuko tayari. Mfunge guniani saa hiyo, mpakie kwenye treni, halafu mwache anayepokea Tabora afungue gunia. Mvuvi hana kosa. Hakuna aliyemuuliza.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Namba mliyoipa programu haikuwepo duniani.

Februari mashine zetu zilisasishwa kutoka 2.8.3 kwenda kile mlichokiita 3.0. Nilipoona hitilafu kwenye ripoti ya marejesho niliwaandikia waandishi wenyewe. Wakanijibu kwa upole: hatujatoa 3.0, umeipata wapi? Niliona aibu, maana nilikuwa nimewaandikia kwa ukali kidogo.

Toleo la kweli la 3.0 lilitoka Aprili. Hapo ndipo tuliona ubaya wa pili. Mashine inapouliza hazina kama kuna kipya haifungui kifurushi kuangalia tumbo. Inalinganisha namba tu. Yenu ilikuwa 3.0, ya kweli ni 3.0, basi mashine ikajibu kwamba hakuna jipya na ikalala. Wiki tatu. Mlipogundua, mkatanguliza “1:” mbele ya namba ili ya pili ionekane kubwa kuliko ya kwanza. Mnajua vizuri kuliko mimi kwamba hiyo “1:” haiondoki tena. Ukiiondoa, mashine zitaona umerudi nyuma. Kila toleo lijalo la programu hii litaibeba kama kovu la chanjo begani.

2. Vitabu vya mikopo vimeharibika.

Hapa nitakaa kidogo.

Programu ya mikopo inapopanda toleo hubadilisha pia majedwali ya kanzidata, kwa kufuata hati ndogondogo zenye namba: ongeza safu hii, gawa jedwali lile. Hati ikishatoka ndani ya toleo, waandishi hawaigusi tena, kwa sababu wanajua imeshapita kwenye mashine za watu. Kabla ya kutoka ni rasimu. Wanaifuta, wanaiunganisha na nyingine, wanaiandika upya, na hiyo ni haki yao.

Mlichotufungashia Februari kilikuwa na rasimu ya namna hiyo. Iliongeza safu ya asilimia ya riba, na safu yenyewe ilipokea namba kamili tu, bila desimali. Waandishi waliliona kosa hilo wakalirekebisha kabla ya kutoa 3.0. Sisi tulikuwa tumeshaondoka nalo. Chama cha Kibirizi hutoza asilimia 2.5 kwa mwezi. Kwenye mashine ikawa 2. Aliyekopa shilingi 400,000 alipaswa kulipa riba ya 10,000 kwa mwezi, programu ikamwandikia 8,000. Hakuna taa nyekundu iliyowaka na hakuna ujumbe uliotokea. Mama mhasibu aliona makusanyo yamepungua, akadhani watu hawarejeshi.

Kisha 3.0 ya kweli ilipofika, nayo ikajaribu kuunda safu ileile, ikaikuta ipo, ikasimama katikati. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, watu wako kwenye benchi wanasubiri mikopo. Programu haifunguki.

Mtauliza, bakapu je? Zilikuwepo, za kila Ijumaa, kwenye flashi mbili. Lakini bakapu zote kuanzia Februari zilikuwa na umbo la msimbo wenu wa katikati, ambao si 2.8 wala 3.0. Bakapu ya mwisho ambayo 3.0 iliweza kuipokea ilikuwa ile ya kabla ya Februari. Tukarudi huko, tukaingiza upya miezi miwili ya miamala, risiti kwa risiti, kutoka kwenye kaunta buku ambalo mama mhasibu, Mungu ambariki, hajawahi kukubali kuliacha licha ya mimi kumcheka. Siku tisa. Simcheki tena.

Baada ya hapo wanachama wakaambiwa kwamba riba ya miezi miwili ilikosewa na wanadaiwa tofauti. Mama mmoja wa makamo anayeuza migebuka alinifuata nje, akaniuliza taratibu: “Mwanangu, hii elfu nne imetoka wapi? Mimi nililipa nilichoandikiwa.” Nimjibu nini? Kwamba kuna komiti?

Wenzetu wanaotengeneza PostgreSQL, programu kubwa ya kutunza kanzidata, wanalijua jambo hili. Ndani ya kanzidata yao kuna namba ya katalogi inayobadilishwa mara kwa mara wakati toleo jipya bado linatengenezwa. Seva ikikuta folda ya data yenye namba tofauti na yake hugoma kuwaka. Inaudhi, lakini inagoma kabla ya kuharibu. Programu yetu ndogo haina ulinzi huo. Ulinzi wake ulikuwa ninyi.

3. Kifurushi kimoja, matumbo mawili.

Mashine ya Kalinzi ilichukua kifurushi Jumanne, ya Ujiji Alhamisi. Jina moja, namba moja. Hitilafu ya Kalinzi Ujiji haikuwepo. Nilikaa usiku mzima nikitafuta tofauti kwenye mipangilio, hadi nikapiga hesabu ya SHA-256 ya faili zote mbili, alama ambayo hutoka sawa faili zikiwa sawa, zikatoka tofauti. Nilipoomba kuona hati yenu ya ujenzi, yaani maelekezo ambayo mashine hufuata kutengeneza kifurushi, nikaelewa: haitaji komiti yoyote, inachota tu “kilichopo sasa hivi” kwenye tawi kuu. Ukijenga leo unapata hiki, ukijenga keshokutwa unapata kile, na mmejenga upya katikati ya wiki bila kubadili namba.

Git huipa kila komiti alama yake ya herufi na tarakimu 40. Mngeiandika mahali popote, hata kwenye maelezo ya kifurushi, ningejua nimeshika nini mkononi. Hadi leo hakuna mtu, hata ninyi wenyewe, anayeweza kusema mashine ya Kalinzi ilikuwa na msimbo upi.

4. Kiswahili kilipotea.

Wafasiri husubiri waandishi waache kubadili maneno ya menyu, ndipo wanakamilisha tafsiri. Wakati huo huja siku za mwisho kabla ya toleo. Anayechota mapema anachota kabla ya tafsiri. Ujiji walifungua mashine wakakuta nusu Kiswahili nusu Kiingereza, na kitufe cha kufuta kimo kwenye hiyo nusu ya pili. Sitaeleza kilichofutwa.

5. Usalama.

Tahadhari za usalama, zile zenye namba za CVE, orodha ya matundu ya usalama yanayojulikana, hutaja matoleo: kuanzia hili hadi lile mko hatarini, sasisheni. Msimbo wa katikati hauko ndani ya mstari huo wala nje yake. Kila tahadhari ikitoka nabaki kukisia.

Sasa najua mtasema nini, maana mengine nimeshayasikia kwenye korido yenu.

Mtasema waandishi wanachelewa. Ipo miradi iliyolala miaka mingi, toleo la mwisho halijengeki tena kwenye mashine za kisasa, na marekebisho yote yamebaki kwenye Git. Kwa miradi hiyo sina ugomvi. Chukueni msimbo wa katikati, kwa kuwa hakuna kingine. Lakini mradi wetu ulikuwa hai, toleo lake la 2.8.3 lilikuwa na miezi miwili tu. Kama kulikuwa na rekebisho moja mlilolihitaji, mngelichukua hilo peke yake na kuliweka kama kiraka juu ya 2.8.3. Debian, moja ya mifumo endeshi ya Linux, hufanya hivyo kila siku kwenye tawi lake thabiti: tundu la usalama linazibwa, programu inabaki ileile ya zamani.

Mtanitajia xz, programu ndogo ya kubana faili. Huyu kijana wenu mmoja alinitajia, na kwa kweli ndiyo hoja pekee iliyonifanya nirudi nyumbani nikifikiri. Mwishoni mwa Machi 2024 Andres Freund, mmoja wa watengenezaji wa PostgreSQL, aliona kwamba kuingia kwenye mashine ya mbali kwa SSH, njia ya siri ya kuunganisha kompyuta, kunachelewa kama nusu sekunde, akafuatilia, akakuta mlango wa siri ndani ya xz 5.6.0 na 5.6.1. Kipande cha hati ya ujenzi kilichouwasha mlango huo kilikuwa ndani ya furushi la toleo lililotangazwa, wala hakikuwa kwenye Git. Kwa hiyo, anasema kijana, Git ni salama zaidi kuliko toleo.

Nakubali nusu. Chukueni msimbo kwenye Git, vizuri kabisa, ila chukueni pale waandishi walipoweka lebo ya toleo. Ugomvi wetu hauhusu mfuko gani umebeba msimbo. Tunabishania kama mwenye msimbo ameshasema uko tayari. Tena kisa hicho kina upande wa pili ambao kijana hakuutaja. Faili zilizoficha sumu yenyewe zilikuwemo hata ndani ya Git. Na sumu ile ilifika kwenye matawi ya majaribio ya Debian na ya mfumo mwingine wa Linux, Fedora, lakini Debian thabiti haikuguswa, kwa sababu kulikuwa na umbali kati ya kinachojaribiwa na kinachotumika kazini. Umbali huo ndio ninaouomba.

Mtasema hata wakubwa hufanya hivyo. Walifanya. Mwaka 2000 Red Hat Linux 7, mfumo mwingine wa Linux, ilitoka na kikusanyaji (programu inayogeuza msimbo kuwa programu ya kuendeshwa) kilichoitwa GCC 2.96. Tarehe 6 Oktoba mwaka huohuo kamati inayoongoza GCC ikatangaza hadharani kwamba hakuna toleo linaloitwa 2.96 wala halitakuwepo, kwamba ule ulikuwa msimbo wa katikati, na kwamba vinavyojengwa nao havitaoana na 2.95 wala na 3.0 inayokuja. 3.0 yenyewe ilitoka Juni 2001. Red Hat walikuwa na sababu zao, na watu wazima wa fani bado wanabishana. Lakini angalieni kanuni zilizopo sasa. Kwenye Debian msimbo wa kabla ya 3.0 huandikwa kwa alama ya kiwimbi, kama 3.0~git20250210, na mashine inajua kwamba huo ni mdogo kuliko 3.0, hivyo toleo la kweli likija linapita lenyewe. RPM, mfumo wa vifurushi wa Red Hat na Fedora, inaifahamu alama hiyohiyo, na tangu 4.15 ya mwaka 2019 ina alama nyingine, ^, kwa msimbo wa baada ya toleo. Watu wa Arch, mfumo mwingine wa Linux, wanaofungasha msimbo wa katikati huweka “-git” kwenye jina, na anayeuchukua anauchukua kwa hiari yake. Lugha ya kuandikia programu iitwayo Go huandika tarehe, saa na herufi 12 za alama ya komiti ndani ya namba yenyewe. Wakubwa wanachota msimbo wa katikati, naam. Wanasema kwamba wamechota.

Mtasema mnajitolea na hamlipwi. Mimi pia siku zile tisa sikulipwa.

Ninachoomba kinaandikika kwenye karatasi moja. Gaweni hazina iwe mbili, ya kazi na ya majaribio, na msimbo wowote usiotolewa na waandishi ubaki kwenye ya majaribio, ambayo chama kitajiunga nayo kwa kuomba. Pale ambapo hamna njia isipokuwa msimbo wa katikati, namba iseme hivyo, itaje tarehe na alama ya komiti, na hati ya ujenzi ifungwe kwenye komiti hiyo moja. Bandikeni orodha ya vifurushi vyote vilivyomo sasa ambavyo ni vya namna hii. Nimevikisia vinne, huenda ni zaidi. Kwa programu zinazoshika fedha za watu, kupanda toleo kujaribiwe kwanza kwenye nakala ya kanzidata yenye miamala ya kutosha. Nakala hiyo niko tayari kuwapa, majina ya wanachama yakiwa yamebadilishwa.

Ombi la mwisho si la kiufundi. Mkutano mkuu wa chama cha Kibirizi ni Agosti. Mmoja wenu aje. Asimame aeleze ile elfu nne imetoka wapi, kwa Kiswahili cha kawaida, kwa sababu nikieleza mimi wanadhani najitetea, na kuna minong'ono kwamba mama mhasibu alikula. Mwanamke aliyeandika kila shilingi kwa mkono hastahili hilo.

Hadi tarehe 31 Julai nisipopata jibu la maandishi, nitazitoa mashine za vyama vyote vitatu kwenye hazina yenu na kuchukua matoleo ya waandishi moja kwa moja kutoka ng'ambo. Itatugharimu bando na usingizi. Viongozi wa vyama nimeshawaeleza, wamekubali. Sitafurahi siku hiyo, maana hazina hii tuliiomba sisi wenyewe.

Namba yangu ya simu mnayo. Iko chini ya barua zote mbili zilizopigwa muhuri.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi wa kompyuta,
Mwanga, Kigoma.

Nakala:
Wenyeviti wa vyama, Kibirizi, Kalinzi na Ujiji.
Mama mhasibu, Kibirizi, kwa taarifa.